Fomu ya kazi inapouliza ugonjwa wako

Makamanda, tuache kuwalaumu vijana wanaokaa kimya kuhusu ugonjwa wao wanapohama kazi. Ukiisoma sheria vizuri unaona wamepiga hesabu, na hesabu yenyewe iko sawa.

Nina rafiki, mhasibu hapa Sumbawanga mjini, ana selimundu. Mwezi wa sita na wa saba baridi ya Ufipa ikikaza, maumivu ya mifupa yanaweza kumlaza siku tatu nzima. Anakofanya kazi sasa wanamjua, siku hizo anafungia mahesabu nyumbani. Lakini amepata nafasi kwa mfanyabiashara wa mahindi anayelipa vizuri zaidi, na fomu inauliza: "Una ugonjwa wowote wa kudumu?" Akaniuliza mimi aandike nini, eti ndiye mwanasheria wa kundi. (Mwaka wa tatu tu, jamani.)

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 7, inamkataza mwajiri kubagua, na inamlinda hata anayeomba kazi. Imetaja kabila, dini, maoni ya kisiasa (hiyo tuishike!), ujauzito, ulemavu, VVU na UKIMWI, umri. Selimundu haimo. Kisukari hakimo, kifafa hakimo. Wakili mzuri anaweza kubishana kwamba vinaingia kwenye ulemavu, ila rafiki yangu hatafuti kesi, anatafuta kazi.

Kinachouma zaidi ni miezi sita ya mwanzo. Kwa sheria hiyohiyo, ukishatimiza miezi sita unapata siku 126 za likizo ya ugonjwa ndani ya miezi 36: 63 za kwanza mshahara kamili, 63 zinazofuata nusu. Kabla ya hapo huna likizo yenye malipo, na ukiachishwa huna mlango wa kudai kwamba umeachishwa isivyo haki. Yaani unayehama kazi unaacha kinga yako yote kwa mwajiri wa zamani, unaanza sifuri. Akianza mwezi wa nne, baridi inamkuta mtupu. Halafu tunashangaa anakaa kimya?

Nilimwambia asiandike "hapana". Uongo kwenye fomu ukigundulika unampa bosi sababu rahisi ya kukufukuza. Aache nafasi wazi, asubiri barua ya ajira, kisha aseme kwa maandishi kile tu kinachogusa kazi: kuna siku chache za baridi atahitaji kufanyia kazi nyumbani. Akishasema, taarifa hiyo si ya kutembezwa ofisini. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti. Na sisi tunajua ikitembea inafika wapi. Kuna watakaosema karogwa, kwenye mji ambao tunaambiwa jina lake maana yake ni "tupa uchawi".

Angekuwa dereva wa basi la Mpanda mwenye kifafa ningemjibu tofauti, nyuma yake kuna abiria.

Mwenye duka la watu wanne naye namwelewa, mmoja akilala kazi inasimama. Lakini anachostahili kujua ni kama mahesabu yatafungwa kwa wakati. Jina la ugonjwa halimsaidii kufunga mahesabu.

Inakadiriwa watoto 11,000 huzaliwa na selimundu Tanzania kila mwaka. Wanaofika ukubwani wataijaza fomu hiyohiyo. Tudai mambo mawili: magonjwa sugu yatajwe kwenye kifungu cha 7, na likizo ya ugonjwa yenye malipo ianze siku ya kwanza, hata kama ni chache. Mgombea yeyote, wa kwetu pia, akija Laela au Matai akamaliza habari ya mbolea na barabara, mwulizeni: mtu akianza kazi Aprili, Juni akalazwa, mshahara wake analipa nani?