Televisheni Moja, Nyumba Nzima

Katika nyumba nyingi televisheni ni moja na haja ni nyingi: wazee wataka habari, vijana wataka mchezo. Kwa wenye kompyuta, twaeleza njia iwezayo kuondoa ugomvi huo.

Iko kadi iitwayo tyuna, iliyofanywa ili kompyuta ipokee matangazo ya antena. Matangazo ya mtindo wa zamani yalianza kuzimwa Tanzania tarehe 31 Desemba 2012, na Kenya yakazimwa mwaka 2015; kadi nyingi zikawekwa kando. Lakini nyingi katika hizo zina tundu la waya ambalo lingali na kazi. PlayStation 2, iliyotoka mwaka 2000, hutoa nyaya tatu: wa manjano ni wa picha, mweupe na mwekundu ni za sauti. Wa manjano huchomekwa katika tyuna, na za sauti katika tyuna au katika tundu la sauti la kompyuta.

Basi jihadharini na jambo moja. Tyuna nyingine huibana picha kwanza ndipo huionyesha, nayo huweza kuchelewa hata sekunde nzima. Kijana abonyeza kitufe, kumbe gari lake limekwisha gonga ukuta! Nyingine huipitisha picha kama ilivyo, na hiyo ndiyo ifaayo.

Kwa hiyo msitoe fedha kabla ya kuijaribu kwa mchezo wenyewe. Na mwenye PlayStation 4, ya mwaka 2013, asiinunue kabisa, kwani mashine hiyo haina waya wa manjano.