Mgongo, ndoo ya maji na kiti cha msikitini



Viti vya plastiki vinazidi kuongezeka mwisho wa safu katika misikiti yetu. Zamani vilikuwa vya wazee wawili watatu waliokwisha kula chumvi nyingi. Leo anayekivuta ni mwanamume wa miaka 45, dereva au fundi cherehani, ambaye akirukuu huhofia kutoinuka. Simlaumu. Sheria imemfungulia mlango huo: Imran bin Huswayn (r.a.) alipopatwa na bawasiri, Mtume (s.a.w.) alimwelekeza aswali kwa kusimama, asipoweza kwa kukaa, na asipoweza kwa ubavu, kama alivyopokea Bukhari. Ninachouliza ni hiki: mgongo huo ulifikaje hapo, na je, hauwezi kurejeshwa?

Tukisikia habari ya misuli ya tumbo huwafikiria vijana wanyanyuao vyuma. Ninayoikusudia haionekani kwenye kioo. Mmoja umelizunguka tumbo kwa ndani mfano wa mshipi mpana; mingine midogo imeshikamana na pingili za uti wa mgongo; juu kipo kiwambo cha pumzi, na chini ipo misuli ya sakafu ya nyonga, inayobeba kibofu na, kwa mwanamke, mfuko wa uzazi. Yote ikikaza kwa pamoja, kiwiliwili huwa kama gunia lililojazwa barabara. Ikilegea, uzito huangukia mifupa, kano na gegedu zilizo kati ya pingili.

Chukua ndoo ya lita 20. Maji yake peke yake ni kilo 20. Wengi huiinamia magoti yakiwa yamenyooka, huivuta ikiwa mbali na mwili, kisha hujipinda papo hapo kuitua upande wa pili. Mzigo ukiwa mbali na mwili hulemea mgongo zaidi. Jaribu kubeba mfuko wa sukari kwa mkono ulionyooshwa mbele utaona. Isogeze ndoo kwanza, kunja magoti, kaza tumbo kana kwamba mtu anataka kukupiga ngumi, inuka kwa nguvu ya mapaja, na ukitaka kugeuka geuza nyayo, si kiuno. Ikiwezekana, ndoo moja kubwa iwe mbili ndogo, mkono huu na huu. Na waume wanaosoma ukurasa huu hawakukatazwa kuibeba.

Mzazi aliyejifungua hufungwa mkaja. Mkaja humpa raha, lakini hushikilia kwa nje. Misuli iliyotanuka kwa miezi tisa haipati nguvu kwa kufungwa tu. Anapojisikia kuweza, alale chali akiwa amekunja magoti, na kila akitoa pumzi avute kitovu polepole kuelekea mgongoni, akikaza kana kwamba anazuia mkojo, kisha alegeze. Aliyepasuliwa amwulize daktari au mkunga wake kwanza. Kuvujwa na mkojo wakati wa kukohoa au kucheka ni jambo linalotibika, na kwa mwanamke anayehangaika na udhu wake kila swala, si dogo hata linyamaziwe kwa haya.

Watoto wa madrasa nao huweka msahafu mapajani na kuinamisha shingo saa nzima. Marufaa ya mbao, hata ya kuchongwa na seremala wa mtaani, huinua kitabu na shingo pamoja.

Swala ni ibada, si mazoezi ya viungo, na wanaoihubiri kama mazoezi hunikera kidogo. Hata hivyo, Bi Aisha (r.a.) ameeleza, katika Sahihi Muslim, kuwa Mtume (s.a.w.) akirukuu hakuinua kichwa wala hakukiinamisha, bali kilikuwa baina ya hayo. Kuuweka mgongo hivyo mpaka utulie ni kazi ya misuli. Anayedonoa haraka haraka huikosa kazi hiyo, mbali na kuharibu swala yake.

Kwa aliyekwisha kukizoea kiti, mkeka wa nyumbani baada ya Alfajiri unatosha. Apige magoti na kuweka viganja chini, anyooshe mkono wa kulia mbele na mguu wa kushoto nyuma, akae hivyo hadi sekunde 10 bila kubana pumzi, kisha abadilishe. Mara tano kila upande. Alale chali na kuinua makalio. Mwisho ainuke kitini mara 10 bila kujishika. Afanye hivyo kwa wiki kadhaa, si siku mbili. Na katika madhehebu ya Shafi, kusimama ni nguzo ya swala ya faradhi: anayeweza kusimama lakini hawezi kusujudu husimama kwanza, kisha hukalia kiti kwa lile asiloliweza.

Maumivu yakishuka mguuni pamoja na udhaifu au ganzi, aache mazoezi na amwone daktari. Ganzi ikiingia baina ya mapaja, au akishindwa kuzuia haja au kukojoa, aende hospitali siku hiyo hiyo.