Unyanyasaji wa kingono mpakani: Sheria ya kazi inaishia mlangoni mwa ofisi

Sheria za kazi za Afrika Mashariki zinamlinda karani anayesumbuliwa kingono na meneja wake. Mama anayevusha nyanya Namanga au samaki Busia hazimtaji, ingawa kila anapovuka hukutana na mtu mwenye uwezo wa kumzuilia riziki yake.

Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi awe na sera ya maandishi dhidi ya unyanyasaji wa kingono. Ile ya Uganda ya 2006 inadai hatua kama hizo kwa mwenye wafanyakazi zaidi ya 25. Tanzania, katika Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, inauhesabu unyanyasaji wa mfanyakazi kuwa aina ya ubaguzi. Zote zinaanzia swali moja: mwajiri ni nani? Mfanyabiashara mdogo amejiajiri mwenyewe, na hapo sheria hizo zinamwacha.

Ajabu ni kwamba kwa upande wa forodha mama huyo huyo anatambuliwa vizuri. Jumuiya ya Afrika Mashariki ina utaratibu rahisi wa biashara, ambapo mzigo usiozidi thamani ya dola 2,000 za Marekani unapewa cheti cha asili ya bidhaa papo hapo mpakani. Mzigo wake una sheria. Yeye mwenyewe anaambiwa aende polisi.

Hata wenye ajira mpakani hawako salama sana. Mathalan, karani wa kike katika kampuni ya wakala wa forodha yenye watu sita anasumbuliwa na dereva wa lori ambaye ni mteja. Sheria ya Kenya ya 2007 inamtaja mnyanyasaji kuwa ni mwajiri, mwakilishi wake au mfanyakazi mwenza. Mteja hayumo, na kwa kuwa watu hawafiki 20, bosi halazimiki kuwa na sera yoyote. Bosi naye anapima: karani anaweza kupatikana mwingine, mteja wa malori kumi ni vigumu.

Mkataba namba 190 wa Shirika la Kazi Duniani (ILO), uliopitishwa Juni 2019 na kuanza kutumika Juni 2021, ulikusudia kuziba pengo hilo. Unahusu sekta rasmi na isiyo rasmi, wanagenzi na wanaotafuta kazi, safari za kikazi, mahali pa kupumzika na hata ujumbe wa simu. Aidha, kifungu cha 8 kinazitaka serikali zitambue wajibu wa mamlaka za umma kwa wafanyakazi wa sekta isiyo rasmi. Kwa mpakani, mamlaka hizo ni forodha, uhamiaji, ukaguzi wa mimea na polisi. Uganda iliuridhia mwaka 2023. Lakini kuridhia mkataba ni jambo moja, na mwongozo kwa ofisa wa zamu ya usiku ni jingine.

Kwa sasa silaha yenye makali zaidi haiko katika sheria za kazi. Nchini Tanzania, kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007 kinamgusa mtu yeyote mwenye mamlaka anayedai ngono ili atoe huduma au upendeleo. Hakiulizi kama mlalamikaji ameajiriwa. Hii ndiyo rushwa ya ngono, na mlango wake ni TAKUKURU. Kenya nayo, katika Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya 2006, inamtaja wazi mtumishi wa umma anayefanya huduma anayostahili mwananchi itegemee kukubaliwa kwake. Adhabu ni kifungo kisichopungua miaka mitatu, faini isiyopungua shilingi 100,000, au vyote viwili. Tatizo ni kwamba sheria hiyo inataka usumbufu uwe wa kurudiarudia, wakati mpakani ombi moja, huku nyanya zinaiva juani, linatosha.

Kiuchumi, nguvu ya mnyanyasaji hapa ni muda. Kreti inayooza ina bei, na kila saa ya kusubiri inashusha uwezo wa mama kukataa. Wengine hukimbilia njia za panya, ambako wanakutana na wanaume wengine bila hata jengo la kulalamikia. Utafiti wa Benki ya Dunia uliotolewa 2011 kuhusu wanawake wanaovuka kati ya Congo na majirani zake katika Maziwa Makuu ulionyesha hongo na unyanyasaji wa kingono vikienda pamoja.

Vituo vya pamoja vya huduma mpakani, vinavyoongozwa na sheria ya Jumuiya ya 2016, vimepunguza madirisha ya kupitia, na kila dirisha lililoondolewa ni fursa moja iliyopungua. Hata hivyo vimeleta utata mpya. Maofisa wa nchi mbili wanakaa jengo moja, kila upande ukitumia sheria zake za mpaka. Mkenya aliyeombwa ngono na ofisa wa Tanzania upande wa Tanzania anatakiwa kujua kwamba pa kwenda ni TAKUKURU, wala si kituo cha polisi cha nyumbani kwake. Bango la ushuru wa nyanya lipo ukutani kwa lugha anayoisoma. La kumweleza hilo lingegharimu karatasi moja.