Insafu katika Kubadilishana Wachezaji

Katika mchezo wa video wa besiboli uitwao MLB The Show imo sehemu iitwayo Franchise, ambamo mtu hukabidhiwa klabu moja kati ya klabu 30 za ligi kuu ya Marekani, akaiendesha msimu baada ya msimu kama meneja wake, akisajili na kuacha, na juu ya yote akibadilishana wachezaji na klabu nyingine. Naandika kuitetea rai moja: kwamba achezaye mchezo huu yampasa asifunge mapatano yoyote ambayo yeye mwenyewe, lau angeketi katika kiti cha meneja wa pili, asingeyakubali, na kwamba sharti hili, ambalo hapana programu iwezayo kumlazimisha alishike, ndilo liupalo mchezo mzima maana yake.

Msomaji aliyezoea usajili wa kandanda, ambako klabu hutoa fedha na kupokea mchezaji, hana budi kufahamu kwamba katika besiboli ya Marekani aghalabu mtu hulipwa kwa mtu: mrushaji hodari kwa mpigaji hodari, au nyota mmoja kwa vijana kadhaa walio bado katika ligi za chini. Kompyuta nayo, ipate kupima, humpa kila mchezaji alama zisizozidi 99, ikatazama na umri wake na kipaji kinachotarajiwa, kisha ikafanya hesabu. Hapo ndipo ulipo mlango wa hadaa. Kwani mtu mjanja hugundua upesi kwamba wachezaji kadhaa wa wastani, ambao klabu yoyote ingewaacha bila majuto, wakirundikwa pamoja waweza kuielemeza mizani hata nyota akatolewa kwa thamani ya makapi. Afanyaye hivyo mara kwa mara hujipatia timu isiyoshindika, na muda si mrefu huchoshwa nayo, maana ushindi usiokuwa na shaka ndani yake hauna ladha.

Basi kadiri ya haki ni ipi? Mwalimu wetu na awe historia yenyewe. Mwezi Agosti 2022 klabu ya Washington Nationals ilimtoa Juan Soto, kijana wa miaka 23 aliyekuwa tayari miongoni mwa wapigaji bora wa zama zake, pamoja na mwenzake Josh Bell, kwenda San Diego Padres. Padres walilipa watu sita, na watano kati yao walikuwa vijana waliotumainiwa sana, akiwamo C.J. Abrams, MacKenzie Gore na James Wood. Yaani klabu ilitoa matumaini yake ya miaka mingi ili impate mtu ambaye angekuwa huru kuondoka baada ya msimu wa 2024. Atakaye kumpata nyota wa namna hiyo katika mchezo wake, naye asikie uchungu wa namna hiyo. Asipousikia, na ajue kwamba kuna upande uliodhulumiwa.

Wala insafu si usawa wa alama. Tarehe 12 Agosti 1987 Detroit Tigers, wakiuwania ubingwa wa kundi lao, walimchukua kutoka Atlanta Braves mrushaji Doyle Alexander, mwenye miaka 36, wakamtoa kijana wa miaka 20 wa ligi za chini aitwaye John Smoltz. Alexander alishinda michezo 9 pasipo kushindwa hata mmoja, na Detroit wakaupata ubingwa walioutamani. Smoltz naye akawa nguzo ya Atlanta kwa miaka mingi, hata mwaka 2015 akaingizwa katika Jumba la Mashujaa wa besiboli. Wengi huwalaumu Detroit, lakini siku ile kila klabu ilipata ilichokihitaji: moja ilinunua leo, nyingine ikanunua kesho. Na iwe vivyo hivyo katika mchezo wa video: klabu iliyo mkiani isiyo na haja ya mzee haitampokea, hata alama zake zikiwa nyingi. Na iliyo kileleni haitamtoa mrushaji wake mwema katikati ya msimu kwa ahadi ya mtoto.

Fauka ya hayo, mchezaji ni mtu. Curt Flood, baada ya kuichezea St. Louis Cardinals misimu 12, aliarifiwa Oktoba 1969 kwamba ametolewa kwenda Philadelphia. Akakataa kuhamishwa kama bidhaa, akaifikisha daawa yake hadi Mahakama Kuu ya Marekani, ambayo mwaka 1972 ilimkatalia kwa majaji 5 dhidi ya 3. Hata hivyo, mwaka uliofuata ligi ilikubali kwamba mchezaji aliyetimiza miaka 10 katika ligi kuu, na mitano ya mwisho katika klabu moja, asihamishwe bila ridhaa yake. Mwenye kumheshimu Flood ataishika kanuni hiyo mbele ya kompyuta pia, programu imzuie au isimzuie.

Watasema wengine kwamba huu ni mchezo tu, na kwamba asiye na roho hadhulumiwi. Ni kweli kwamba kompyuta haiumii. Lakini achezaye hujizoeza, na mazoea ya kumtafutia mwenzio upofu wake ili umle si mazoea mema popote yafanywapo. Mchezo wenyewe umetoa njia, kwani humruhusu mtu kuzishika klabu zote 30. Basi kabla ya kufunga mapatano, na ahamie upande wa pili, aulize kama klabu ile inamhitaji mtu anayeletwa kwake, kama ina uwezo wa kumlipa mshahara wake, na kama meneja wake angethubutu kuwaeleza mashabiki sababu ya kumtoa yule anayeondoka. Jibu likiwa hapana, mapatano na yavunjwe, hata kompyuta ikiwa imeyakubali. Kwa kufanya hivyo atashindwa mara nyingi zaidi, na atangoja misimu mingi zaidi kabla ya kutwaa ubingwa. Lakini ubingwa huo utakuwa zao la maarifa yake, wala hapatakuwa na klabu iliyonyang'anywa haki yake ili yeye aupate.