Kwanza mazoezi yafike Segerea

Saa kumi na mbili asubuhi, Segerea, Dar es Salaam. Mama amembeba mgongoni mtoto wa miaka saba, miguu ya mtoto imekaza na kupishana kama mkasi. Konda anasema, “Mama, huyo mkubwa huyo, mshushe asimame.” Mama anajibu taratibu, “Akisimama ataanguka, kaka yangu.” Wanakwenda hospitali ya CCBRT, Msasani, jiji zima la kuvuka, daladala mbili. Anasema huenda mara moja kwa mwezi, nauli ikipatikana.

Mtoto huyo ana mtindio wa ubongo. Alizaliwa akachelewa kulia. Wengine huupata kwa manjano ya uchanga yasiyotibiwa mapema, wengine kwa malaria kali au homa ya uti wa mgongo. Kwa jirani zetu Uganda, utafiti wa Iganga na Mayuge uliochapishwa mwaka 2017 ulikuta karibu watoto 3 wenye hali hii katika kila 1,000.

Sasa wazazi wanasikia habari ya umeme wa kuamsha ubongo, na wanauliza kama ni kweli. Kuna ukweli ndani yake. Mwaka 2014 watafiti wa São Paulo, Brazil, walichapisha jaribio la watoto 24 wenye mtindio wa ubongo. Wote walitembezwa juu ya mashine ya mkanda, dakika 20 kwa siku, siku 5 kwa wiki, wiki 2. Nusu yao, wakiwa wanatembea, walipitishiwa kichwani umeme mdogo mno wa miliampia 1, kupitia sponji zilizoloweshwa maji ya chumvi. Nusu nyingine walivalishwa vifaa hivyohivyo, ila umeme ulizimwa mapema. Waliopata umeme walisonga mbele zaidi ya wenzao katika kutembea.

Lakini umeme huo hausogezi mguu. Unachofanya ni kuziweka seli za ubongo tayari kupokea kile ambacho mwili unajifunza saa hiyohiyo. Unalainisha udongo tu. Jembe ni mazoezi. Ndiyo maana tunasema bila kumung'unya maneno: mtoto anayepata mazoezi mara moja kwa mwezi hana cha kuongezewa umeme.

Na tahadhari moja, wazazi watusikilize. Jaribio lile halikuchukua watoto wenye kifafa, na watoto wengi wenye mtindio wa ubongo wana kifafa. Yeyote atakayekuja mtaani na kiboksi cha betri akiahidi kumsimamisha mwanao, mfungieni mlango.

Tungependa Chuo Kikuu cha Afya Muhimbili kipime jambo hili kwa watoto wetu, kwa utaratibu na usimamizi wa madaktari. Kifaa chenyewe ni kidogo, si mashine ya kujaza chumba.

Hata hivyo, ombi letu kubwa ni kwa Halmashauri ya Jiji na Wizara ya Afya, na ni dogo kwa gharama. Kila kituo cha afya cha kata za pembezoni kiwe na mtaalamu wa mazoezi tiba, walau siku tatu kwa wiki. Mpeni chumba, mkeka, kioo, na jozi ya vyuma vya kushikilia ambavyo fundi yeyote wa kuchomelea pale Tabata anaviunga kwa siku moja. Mpeni pia muda wa kumfundisha mama namna ya kuendeleza mazoezi nyumbani, maana mama ndiye yupo na mtoto siku zote saba. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 imeshataja haki ya huduma za afya na utengamao. Haina haja ya kuandikwa upya. Inahitaji bajeti na mtu wa kuajiriwa.

Watoto wa São Paulo walitembezwa mara 10 ndani ya wiki 2. Kwa safari za Msasani, mtoto yule wa Segerea atafikisha mara 10 baada ya miezi 10, kama nauli haitakosekana hata mara moja. Atakuwa amefika miaka minane, na mgongo wa mama yake ni uleule.