TAHARIRI: Biashara irudi na ofisi yake, si jezi tu

MJADALA wa soka kwenye kijiwe kimoja cha Buhare, hapa Musoma, ulikatishwa juzi na picha ya bastola kwenye simu ya kijana mmoja. Wenzake wakadhani ni ya sinema za watu wa anga. Kumbe ni ya kweli, tena ya mwaka 1956.

Inaitwa Whitney Wolverine. Mbunifu wake, Robert Hillberg wa Marekani, aliipa mwili wa alumini wenye mikunjo laini kama ndege ya jeti. Ilitumia risasi ndogo ya .22, aina ile ile ya risasi inayotumika mpaka leo kwenye mashindano ya shabaha ya Olimpiki. Hata jina Wolverine inaelezwa Hillberg alilitoa kwenye timu aliyoishabikia, ya Chuo Kikuu cha Michigan, wale wanaocheza mpira wa Kimarekani. Shabiki ni shabiki tu, popote alipo.

Hatuandiki haya kusifia silaha. Hapa kwetu bastola ni ya mwenye kibali, basi. Tunaandika kwa sababu kisa chake kinafanana mno na cha timu yetu.

Wolverine haikufa kwa sababu ilikuwa mbovu. Ilikuwa nyepesi, inakaa vizuri mkononi na inalenga vizuri. Iliangushwa na ofisi. Kiwanda kilitegemea msambazaji mmoja, mauzo hayakwenda kama ilivyotarajiwa, na washindani kama Ruger wakashika soko. Zilitengenezwa takriban 13,000 tu, kisha kimya.

Sasa turudi nyumbani. Oktoba 2021, Biashara United ya Mara iliichapa Al Ahli Tripoli ya Libya mabao 2-0 jijini Dar es Salaam kwenye Kombe la Shirikisho Afrika. Kazi ya uwanjani ilishafanyika. Mechi ya marudiano timu haikufika Libya, safari ikakwama, na Biashara ikatolewa bila mpira kupigwa. Mwisho wa msimu huo wa 2021/22 ikashuka daraja.

Nani alifungwa pale? Si kipa wala mabeki. Wachezaji walishinda, ofisi ikapoteza.

Kila msimu tunasikia kauli ya kuirudisha Biashara Ligi Kuu. Ni kauli nzuri, na Uwanja wa Karume umeshaonyesha kuwa watu wa Mara wanaipenda timu yao. Lakini kabla ya kushangilia, tusikilize sehemu ya pili ya kisa cha bastola.

Miaka ya 2000, kampuni ya Olympic Arms ya Marekani iliifufua Wolverine. Umbo lilibaki lile lile, ila mwili ukawa wa plastiki ngumu badala ya alumini. Wapenzi wa vitu vya zamani wakafurahi. Mwaka 2017 Olympic Arms yenyewe ikafunga milango. Umbo zuri lilitokea mara mbili, na mara zote mbili likabaki bila nyumba.

Ndiyo hofu yetu. Kurudisha jina, rangi za jezi na shangwe ni kazi rahisi. Kazi ngumu ni kuwa na katibu anayeshughulikia tiketi na vibali wiki kadhaa kabla ya safari, mhasibu ambaye vitabu vyake vinafunguka mbele ya wanachama, na wadhamini zaidi ya mmoja ili akiondoka huyu timu isilale njaa.

Wadau wa Mara, kuanzia viongozi wa mkoa, wafanyabiashara wa Musoma na Bunda mpaka sisi wa vijiweni, tuulize maswali haya sasa, kabla ya usajili. Kiingilio tutalipa na ngoma tutapiga. Tunachoomba ni kwamba siku vijana wetu wakishinda tena 2-0, wawepo pia kwenye mechi ya marudiano.