Kipimo Kitangulie Panga

Muwa haupandwi kwa mbegu kama mahindi. Hukatwa pingili zikafukiwa ardhini, na shamba hilo huvunwa, likachipua na kuvunwa tena kwa miaka kadhaa. Hivyo ugonjwa uliomo ndani ya pingili hupandwa pamoja nayo, na mkulima huambulia hasara mavuno baada ya mavuno.

Yako magonjwa yajitangazayo. Mmojawapo hutoa mjeledi mweusi kwenye ncha ya mmea, hata mtoto huuona. Udumavu wa maotea, uliotambuliwa Queensland, Australia, katika miaka ya 1940, hauna alama ya nje ya kuaminika. Miwa hufupika na kukonda tu, naye mkulima hulaumu ukame au mbolea. Hata wataalamu walidhani kwamba chanzo chake ni virusi, mpaka ilipobainika mwaka 1973 kuwa ni bakteria wakaao katika mishipa ipitishayo maji. Panga lililokata shina gonjwa huwapeleka bakteria hao katika mashina yafuatayo. Shamba likishaambukizwa halitibiki. Pingili zaweza kusafishwa kwa maji ya nyuzi 50 za Sentigredi kwa muda wa saa mbili hivi, ila joto likizidi macho yake hufa.

Tangu mwaka 2000 ipo mbinu iliyobuniwa Japani ya kuzidisha chembe za urithi za kijidudu katika joto moja tu, nyuzi 60 hadi 65, kwa muda upatao saa moja. Jibu huonekana kwa kubadilika rangi, na chombo cha kupashia joto chaweza kutumia betri. Imekwisha kujaribiwa kwa ugonjwa huu.

Rai yangu ni kwamba kipimo hiki kipelekwe kwanza kwenye vitalu vya mbegu, kabla ya kukata. Kupima shamba lililokwisha kudumaa hutuongezea elimu, lakini hakuokoi miwa. Tena jibu la “hakuna” lisigeuzwe cheti: katika miwa michanga bakteria huwa wachache, hivyo yafaa kupima mashina mengi yaliyokomaa, sehemu ya chini. (Mwanafunzi wa baiolojia aweza kueleza kwa nini.)

Gharama je? Huko Kilombero na Mtibwa wakulima wadogo huuza miwa yao kiwandani. Kiwanda kinachozihitaji tani hizo hakina budi kuchangia, na bwana shamba awe na jibu mkononi kabla wakataji hawajaingia kitaluni.